Jogoo wa Mama Shiru na Ndoto ya Simiyu

Odhiambo alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani, na kama kawaida yake hakupoteza wakati na salamu. "Nekesa, Maiki ametoka hospitali. Jumamosi tunakutana kwangu Yamumbi, tukule pamoja. Usiniambie uko bize." Maiki ni Barasa, jina hilo lingine tulimpa sisi, karibu miaka thelathini iliyopita, na limemganda mpaka leo. Nikamwuliza anaendeleaje. Odhiambo, mtu wa kupaza sauti hata kwenye simu, akaishusha. "Ako sawa. Anakula, anatembea, anacheka. Lakini ile operesheni ya koo imeenda na sauti. Daktari amesema haitarudi." Nilimshukuru, nikakata simu, nikalaza kichwa juu ya sare ya shule niliyokuwa nikiipiga pindo, nikalia mpaka mteja aliyeingia akadhani nimefiwa. Sikumwambia hapana. Kati ya makoo yote yaliyoko Eldoret, na mengine ni ya watu ambao tungeshukuru wakinyamaza kidogo, ugonjwa ulikwenda ukachagua lile.

Nilipomfahamu Barasa nilikuwa na miaka ishirini na chumba kimoja mtaa wa Huruma, hapa Eldoret, chumba ambacho kitanda, jiko na cherehani vilikuwa vikigombania nafasi na mimi nikiwa mwamuzi. Ploti ilikuwa ya Mzee Njoroge, mtu wa Murang'a, mwenye duka la rejareja na tabia ya kuzima taa za watu wengine. Vyumba vilizunguka ua wa udongo. Katikati palikuwa na mfereji mmoja wa maji ambao ndio uliokuwa redio yetu, maana hakuna habari iliyopita Huruma bila kusimama pale. Nyuma kulikuwa na jiko la mkewe, Mama Shiru, na kando ya jiko banda la kuku lililoegemea ukuta wa mabati. Ukuta huo ndio uliokuwa ukuta wa nyuma wa ukumbi wa video wa Mzee, ambao mlango wake ulitazama barabarani. Kwa hiyo mimi nilikuwa nikishona huku nasikia filamu, na kuku wa Mama Shiru walikulia kwenye milio ya risasi bila kushtuka. Jioni ua mzima ulinuka sukuma ya kukaangwa na makaa mabichi, na ukipita mlango wa mtu akiwa anasonga ugali ulikaribishwa, hata kama ugali wenyewe haukutosha.

Ukumbi ule ulikuwa na mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza ndefu, na Barasa. Ninasema hivyo kwa sababu watu hawakulipa kiingilio kuona filamu. Filamu zilikuwa za Kiingereza cha puani, na wengi wetu Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani, cha kuomba ruhusa ya kwenda nje. Tulilipa kumsikia Barasa. Alikaa juu ya kreti la soda kando ya televisheni, hedifoni kubwa masikioni zimefungwa kwa kitambaa kwa sababu kishikio chake kilikuwa kimevunjika, maiki mkononi, na kila walichosema Wazungu alikigeuza papo hapo kuwa Kiswahili chetu. Aliwapa majina. Mkuu wa polisi wa kila filamu aliitwa Afande Makokha na aliongea kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mwizi akipanga njama, Barasa alimpangia kwa sauti ya kasisi. Katikati ya vita angeweza kusimama na kusema, "Wewe wa kofia, toa kofia, watu wa nyuma hawaoni Amerika," halafu akarudi vitani bila kupoteza risasi hata moja. Lakini haikuwa mzaha mtupu. Kila Jumamosi asubuhi, ukumbi ukiwa umefungwa, alikuwa akiitazama filamu ya Jumapili peke yake, midomo ikicheza bila sauti, anarudisha kanda nyuma, anasikiliza tena. Nilimwona kupitia tundu la msumari kwenye mabati, na nakiri nilikuwa nikilitafuta tundu hilo. Sijawahi kuona mtu akiiheshimu kazi namna ile. Kabla ya hapo alikuwa akibeba mawe kwenye majengo, na aliniambia mara moja kwamba kule hakuna aliyewahi kumwita kwa jina. Waliita "wewe" na wanaume kumi wakageuka. Maiki ilikuwa kitu cha kwanza kilichomfanya mtu mmoja.

Mwaka huo, mvua za mwezi wa saba zikiwa zimeufanya ua wetu kuwa tope, Mzee Njoroge alileta filamu ya anga za juu. Ilihusu fundi mmoja anayetumwa mbali kabisa, ng'ambo ya nyota, kutengeneza mtambo ulioharibika. Barasa alimwita Simiyu. Safari ni ya miaka mingi, kwa hiyo Simiyu analazwa ndani ya sanduku la baridi, na kompyuta ya chombo inamlisha ndoto ili asirukwe na akili. Kompyuta hiyo ilikuwa inasema bila kukoma, inaonya, inalaumu, na Barasa aliiita Mama Mkwe. Ukumbi ulikuwa ukianguka kwa vicheko kila ilipofungua mdomo. "Simiyu, mwanangu, nilikuambia usiguse hiyo waya, lakini wewe ni mtu wa kuambiwa?" Katika ndoto zake Simiyu anajiona jikoni kwake. Mkewe yuko kwenye jiko, amempa mgongo, anakoroga sufuria. Simiyu anaita, na kabla mke hajageuka, ndoto inakatika. Mara mbili inatokea hivyo. Mwishoni mtambo umetengenezwa, analazwa tena kwa safari ya kurudi, sanduku linafunguka, Simiyu anatoka, anatembea kwenye baridi mpaka mlangoni kwake, anaingia jikoni. Mke yuko pale pale, amempa mgongo. Simiyu anagusa sufuria, anaungua kidole. Anaita. Mke anaanza kugeuka, tunaona sikio, tunaona shavu kidogo, halafu kioo kinakuwa cheusi. Hakuna neno. Na Barasa, ambaye kwa saa mbili nzima hakuacha hata mlango ufunguke bila kuusemea, aliilaza maiki taratibu juu ya meza, akaweka mikono mapajani.

Katika kimya hicho ndipo jogoo alipowika. Kokorikoo, moja, ndefu, safi kabisa. Kisha maandishi yakaanza kupanda kwenye kioo, na Huruma yote ikasimama. "Amefika!" Odhiambo alipiga kelele kutoka benchi la nyuma. Odhiambo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwenye mikono minene na sauti nene zaidi. "Si mmesikia jogoo? Huko juu kuna jogoo? Amefika nyumbani!" Nami, sijui nilipata wapi ujasiri, nikapanda juu ya benchi na gauni langu la kanisani. "Ndoto hiyo! Huyo mke ako na gauni ile ile ya ndoto ya kwanza, na pindo imefumuka pale pale. Miaka yote hiyo mwanamke hajashona pindo?" Mimi nilikuwa fundi wa nguo, na pindo lile lilikuwa limeniuma tangu mwanzo. Wanawake wote ukumbini wakaniunga mkono. "Na jogoo?" Odhiambo akauliza. "Jogoo ndio inaonyesha ni ndoto! Mtu akiota nyumbani si ataota na jogoo?" Akacheka kwa dharau. "Mimi naungua kila siku, dada yangu. Angalia hii mikono. Na nikiota nachomelea, siungui hata siku moja. Huyo msee ameungua kidole. Ameungua, basi amefika."

Hivyo ndivyo tulivyogawanyika. Kulikuwa na watu wa Ndoto na watu wa Kweli, na hakuna aliyebaki katikati. Kwenye mfereji, watu walisahau ndoo zikafurika. Kinyozi wa kona alikuwa akimwuliza mteja upande wake kabla ya kuweka mashine kichwani, na watu wa Ndoto walinyolewa kwa haraka. Wanafunzi wa chuo waliokuwa wakitoka Kesses kuja kununua mitumba walisimama wakasikiliza wakakaa, na mmoja wao akatuambia kuna neno la kitaalamu la mwisho wa namna hiyo, tulimsikiliza kwa adabu, kisha Odhiambo akamwuliza, "Sawa, lakini amefika ama hajafika?" Jioni zile, nikila omena na ugali kwenye ngazi ya mlango wangu huku Odhiambo, aliyekuwa na karakana yake ng'ambo ya barabara, akila vilivyo vyake kwenye kiti cha Mama Shiru, tulibishana mpaka chakula kikapoa. Sasa nikikumbuka naona jambo ambalo wakati ule sikuliona: watu waliotoka alfajiri kubeba magunia, kuuza nyanya kwenye karai, kufagia ofisi za watu, walikuwa wakirudi nyumbani mbio ili wazungumze kama mtu anaweza kuwa na hakika kwamba yuko macho. Sijawahi tena kuishi mahali penye mazungumzo mazuri hivyo.

Kila upande ulimtaka Barasa. Yeye aliielewa filamu maneno yote, yeye ndiye aliyemjua Simiyu. Na alichosema kilituudhi wote. "Mimi hiyo jogoo sikusikia." Tulikuwa tumemzunguka kwenye mfereji. "Hukusikia aje na sisi wote tulisikia?" Odhiambo akasema. "Sikusikia. Na nilikuwa na hedifoni." Odhiambo akageukia umati akafungua mikono kama wakili. "Si mnaona? Ameziba masikio na mahedifoni, halafu anatuambia hakuna jogoo. Utasikia aje, Maiki, na umeziba masikio?" Watu wakakubali, na nakiri nami nilikubali, ilionekana ni hoja nzito. Barasa akachukua ndoo yake akaenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba yule ambaye masikio yake yalikuwa ndani ya filamu ndiye pekee aliyejua kilichokuwamo.

Wiki mbili baadaye Mama Shiru alipata wageni wa kanisa, akachinja jogoo wake. Alitugawia majirani mchuzi, kama alivyokuwa akifanya siku zote, na mimi nilipewa bawa. Lilikuwa tamu. Akaniambia, huku akikwaruza sufuria, kwamba hajutii, maana yule jogoo alikuwa hana akili, anawika mpaka saa tisa mchana. Nikamwambia pole, nikalamba vidole, na sikuunganisha lolote na lolote. Jumapili iliyofuata Mzee Njoroge, kwa jinsi watu walivyomsumbua, akaionyesha filamu ya Simiyu tena. Watu walijaa mpaka madirishani. Mke akaanza kugeuka, sikio, shavu, kioo kikawa cheusi, Barasa akalaza maiki, na sote tukashusha pumzi tukimngoja jogoo. Hakuja. Maandishi yakapanda kwenye kioo, kimya kikawa kirefu, halafu mtu akapiga kelele: "Mzee amekata tepu!"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kila mtu aliamini kwamba Mzee Njoroge ameleta kanda nyingine, ya bei rahisi, iliyokatwa jogoo. Watu wa Kweli walidai ushahidi wao umeibwa. Watu wa Ndoto, nikiwemo mimi, tulidai wetu pia. Sote tulitaka turudishiwe kiingilio. Jumapili iliyofuata wengi walikwenda ukumbi mwingine, chini karibu na soko. Mzee hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa duka, na mteja akitaka chumvi humwelezi habari za sukari. Nilikuwa natoa nguo kwenye kamba nilipomsikia akiongea na Barasa mlangoni mwa ukumbi. "Watu wanataka jogoo. Wapatie jogoo." "Mzee, hakuna jogoo kwa hiyo filamu." "Sasa? Si unalia kama mtoto, unabweka kama mbwa, unaongea kama mama mkwe? Kuwika ni nini?" Barasa akajibu kwa sauti ya chini, ya heshima. "Mbwa wako kwa filamu, Mzee. Jogoo hayuko." Mzee akachezea funguo zake. "Basi sikiza. Jumapili nitaweka hiyo filamu tena. Ukiwika, tuko pamoja. Usipowika, nitatafuta mtu wa kuwika."

Kesho yake asubuhi nilimkuta Barasa kwenye mfereji, katika baridi ya Eldoret ya asubuhi inayofanya maji yaume vidole. Nilikuwa na hofu kwa niaba yake. Nilimwona tayari akiwa kwenye majengo, akigeuka pamoja na wanaume kumi. "Barasa," nikamwambia, "si uwike tu? Ni kokoriko moja. Wewe unatuongezea chumvi kila siku, nani amewahi kulalamika?" Akaitazama ndoo yangu ikijaa. "Nekesa, mtu akiongea, mimi nageuza. Naongeza chumvi, ndio, lakini kila mtu anajua hiyo ni chumvi ya Barasa. Sasa hapo mwisho, mwenye filamu amenyamaza. Amenyamaza makusudi. Mahali mtu amenyamaza nitageuza nini?" Nikamwambia watu wanataka kujua. "Najua. Ndio maana siwezi. Nikiwika, watu watabeba hiyo sauti nyumbani wakifikiri ni ya filamu, na nitakuwa nimewaamulia." Nikamwuliza, akifukuzwa je? "Nitafukuzwa," akasema, kisha akaniomba nisogeze ndoo, yangu ilikuwa imejaa na yake ndiyo iliyofuata. Nilirudi chumbani nikakaa kwenye kitanda, ndoo bado mkononi. Nilikuwa nimempendea sauti mpaka siku ile, na tangu asubuhi ile nikampenda mwenyewe, ingawa hilo halikwenda popote na wala silijutii. Alioa mwanamke mzuri wa Webuye na nilimshonea gauni la harusi.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa. Mzee Njoroge alisimama mlangoni, mikono nyuma. Barasa alitafsiri vizuri kuliko siku zote; Mama Mkwe alilaumu mpaka watu wakashika mbavu, na Simiyu alipoungua kidole, Barasa alitoa "ss!" ndogo iliyotufanya sote tukunje vidole vyetu. Mke akaanza kugeuka. Sikio, shavu, giza. Barasa akalaza maiki juu ya meza. Nilitazama koo lake. Halikutikisika. Kimya kikaenda, kikaenda, na mtu akaanza kuguna, na ndipo Barasa alipofungua kile kitambaa kichwani, akavua hedifoni ambazo hajawahi kumpa mtu azishike, akamnyooshea Odhiambo. "Kuja usikize wewe mwenyewe." Odhiambo akaja, akijivuna, akazivaa. Kanda ikarudishwa nyuma. Safari hii Barasa alizima spika, hivyo sisi tuliona picha tu, na tulichosikiliza ni uso wa Odhiambo. Giza lilipofika, akakunja paji la uso. "Rudisha tena," akasema kwa sauti kubwa kama kiziwi. Ikarudishwa tena. Kisha akavua hedifoni polepole, na nikaona mtu mzima akipigana na nafsi yake mbele ya watu wake wote wa Kweli.

"Hakuna jogoo," akasema. "Ni mbovu hiyo!" akapaza sauti mtu wa upande wake. "Nimesema hakuna jogoo! Kuna mtu anapumua, basi. Ile tulisikia ilikuwa ya huku nje. Ilikuwa ya Mama Shiru." Vichwa vyote vikageuka. Mama Shiru alikuwa ameingia na birika la chai kuwauzia watu, akasimama na birika hewani. "Yangu? Lakini hiyo si mlikula?" Nilihisi lile bawa likinirudia kooni. Tulikuwa tumemtafuta shahidi wetu mkuu mpaka tukamtukana Mzee Njoroge, kumbe tulimla na ugali. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, watu wakalaliana, na katikati ya kelele hizo Odhiambo alikuwa bado amesimama, hedifoni mkononi. Akangoja. "Lakini Simiyu alifika," akasema mwishowe. "Jogoo ama hakuna jogoo. Aliungua." Akarudisha hedifoni kwa mikono miwili, akaenda kukaa. Mimi niliyekuwa mpinzani wake mkuu nilitaka kumpigia makofi. Nilikuwa nimeona watu wawili kwa mchana mmoja, mmoja akikataa kusema alichotakiwa, mwingine akisema kilichomkata miguu, na nilikuwa na miaka ishirini, na sikujua kwamba mambo kama hayo hayaonekani kila Jumapili.

Mzee Njoroge naye alikuwa mtu wa neno lake. Hakukasirika. Watu walipotoka aliichukua maiki, akauzungusha waya wake kwenye kiwiko mpaka ukaisha, akasema, "Basi, Barasa," na Barasa akasema, "Asante, Mzee." Juma lililofuata alikuja kijana wa mjini mwenye sauti laini ya matangazo ya kanisa. Alitafsiri vizuri, siwezi kumsema vibaya. Na mwishoni, kioo kilipokuwa cheusi, aliwika. Aliwika kama jogoo hasa, kisha akaongeza kwamba mke wa Simiyu alimkumbatia na wakaishi raha mustarehe. Watu walipiga makofi, wakavaa makoti, wakaenda zao. Kesho yake kwenye mfereji watu waliteka maji. Hakukuwa na cha kubishania. Kinyozi alimnyoa kila mtu sawasawa. Jumapili iliyofuata mabenchi ya nyuma yalikuwa wazi, na iliyofuata hata ya mbele. Mimi nilishona huku sauti ile laini ikipenya mabatini, na nilikuwa nikikosea mishono.

Wakati huo Barasa alikuwa akipiga msasa mageti kwenye karakana ya Odhiambo. Odhiambo ndiye aliyemwita, hakumsubiri aombe, na wote wawili waliona haya kulizungumzia. Siku moja mchana nilikuwa nimewapelekea ugali na mboga, tumekaa juu ya mabomba tunakula kwa sahani moja, Mzee Njoroge akaja na mfuko wa karatasi. Alikagua mageti kama mtu anayetaka kununua. Akagonga moja, akasikiliza. "Barasa," akasema, bado akitazama geti, "watu wanasema siku hizi hapo kwangu hakuna kelele." "Nimesikia, Mzee." "Mimi nilikuwa nafikiria kelele ni mbaya." Hakuna aliyemsaidia. Odhiambo alikuwa ameinamia sahani, mabega yakicheza. Mzee akatoa kwenye mfuko ile maiki, waya wake bado umezungushwa vile vile, akampa Barasa, na Barasa akajifuta kutu mikononi kwanza kabla ya kuipokea. "Kuja Jumapili," Mzee akasema. "Usiwike."

Jumamosi nilikwenda Yamumbi. Geti la Odhiambo ni kubwa kuliko nyumba, kama inavyostahili fundi wa mageti, na ndani walikuwa wamekaa wale waliobaki wa ua wetu. Mzee Njoroge alitutoka zamani. Mama Shiru alikuwepo, amepungua, miguu haifiki sakafuni akikaa kwenye kochi. Barasa alisimama kunipokea. Alikuwa na kitambaa shingoni na alikuwa amekonda, lakini alinishika mkono kwa mikono miwili akanitazama mpaka nikashindwa la kusema, ikawa tumekuwa mabubu wawili. Tulikula kuku, na bila shaka kuku huyo alitaniwa. Kisha binti wa Odhiambo, ambaye amekua akisikia hadithi hii mpaka ameichoka, akaitafuta ile filamu kwenye mtandao, akaiweka kwenye televisheni kubwa ya ukutani.

Ilianza kwa Kiingereza. Picha ilikuwa safi mno, tuliona vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na hakuna aliyecheka. Kompyuta ilisema maneno yake kwa sauti ya upole ya mwanamke wa kigeni, na tulikaa tukiitazama kama wageni waliokosea nyumba. Nilimwona Barasa akifungua mdomo mara moja, kwa mazoea, akaufunga, akashusha macho. Uchungu nilioupata sitaki kuuandika. Halafu akaunyoosha mkono mezani, akachukua mwiko wa pilau, akaupangusa kwa kitambaa cha meza, akanipa. Nikatikisa kichwa. Akauweka kiganjani mwangu akanifunga vidole.

Nikausogeza mdomoni. "Huyu mnayemwona," nikasema, "ni Simiyu, fundi wa mitambo, mtu wa watu, na kosa lake ni moja tu, haambiliki." Mama Shiru akasema, "Haya!" Nikaendelea. Yalikuwepo yote. Sikujua kwamba nilikuwa nimeyaweka, lakini yalikuja moja baada ya jingine, na nilipolisahau lawama moja la Mama Mkwe, Barasa alinyoosha kidole kuelekea kwenye waya, nikalikumbuka, na nyumba ikaanguka kwa kicheko. Alikuwa akitazama midomo yangu, na yake ilikuwa ikicheza bila sauti, kama nilivyomwona kupitia tundu la msumari. Mpaka tukafika jikoni. Mgongo, sufuria, pindo lililofumuka. "Ss!" nikasema, kidole kikaungua. Mke akaanza kugeuka. Sikio, shavu, giza.

Nililaza mwiko juu ya meza, taratibu, nikaweka mikono mapajani. Spika za siku hizi ni nzuri. Tulimsikia mtu akipumua, jambo ambalo miaka yote hiyo walikuwa wamelisikia Barasa na Odhiambo peke yao. Barasa alikuwa amefumba macho, kichwa kikienda chini na juu polepole.

Na kutoka nyuma ya makochi, babu wa watu, mwenye shamba na wajukuu, kofia kichwani, Odhiambo akawika. Kokorikoo, moja, ndefu, safi kabisa.

"Na huyo naye mchinjeni," akasema Mama Shiru.

Barasa alicheka. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, mabega yanaruka, mkono mmoja umeshika kitambaa cha shingoni, machozi yanashuka mpaka kidevuni, na hakuna sauti hata ndogo iliyotoka, lakini kila mtu sebuleni alimsikia. Alipopata pumzi alimwonyesha binti wa Odhiambo kwa kidole, akichora duara hewani: rudisha nyuma. Kisha akachukua mwiko pale mezani, akanipa tena, akajiegemeza vizuri kwenye kochi kama mtu aliyelipa kiingilio.

Nikafuta macho kwa kiganja. "Wewe wa kofia," nikaanza, na Odhiambo akaivua.